Mwongozo wa Kuchunguza Tabia za Namba Kubwa kwa Kalamu na Karatasi: Mfano wa 299,792,458

Maswali matatu hunifikia kila mara kutoka kwa wanaoanza kupenda hesabu za namba nzima, na huja karibu kwa maneno yaleyale: nitajuaje kama namba kubwa ni tasa, niishie wapi ninapojaribu kuigawanya, na nitahakikishaje kwamba sijakosea njiani. Nimeyajibu kwa mdomo na kwa vipande vya karatasi mara nyingi, hata nimeona ni heri niyaandike yote mahali pamoja, kwa mfano mmoja unaofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiufuata mfano huu huku kalamu ikiwa mkononi, utaweza kuichunguza namba yoyote yenye tarakimu nane, tisa au kumi bila msaada wa mtu.

Namba niliyoichagua ni 299,792,458. Hiyo ndiyo kasi ya mwanga katika ombwe, ikipimwa kwa mita kwa sekunde. Nimeichagua kwa sababu ni kubwa kiasi cha kumchosha anayebahatisha lakini haimshindi mwenye utaratibu, na pia kwa sababu ni namba nzima kamili ambayo haina desimali iliyofichwa nyuma yake. Mwaka 1983 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani, katika kikao chake cha 17, uliamua kwamba mita moja ni umbali unaosafiriwa na mwanga katika ombwe kwa muda wa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Tangu siku hiyo namba hii haipimwi tena maabara, kwa kuwa imewekwa kwa maana yenyewe ya mita. Kwa hiyo tabia tutakazozigundua ni za namba tu, na wala usitafute ndani yake siri ya mwanga, kwa maana urefu wa mita ulichaguliwa na binadamu.

Kabla ya kuanza, lishike jambo moja ambalo wengi hulipuuza: tabia za namba nzima zimo katika tarakimu zake zote, mpaka ile ya mwisho. Shuleni tunaandika 300,000,000 badala ya 299,792,458, na kwa hesabu za fizikia makadirio hayo yanafaa kabisa. Kwetu sisi hizo ni namba mbili zisizo na undugu wowote. Namba 300,000,000 ina vigawo 162, ilhali 299,792,458 ina vigawo 16 tu, kama utakavyojionea mwenyewe.

Unachohitaji

Tafuta daftari la hesabu lenye miraba, kwa sababu tarakimu zinapokaa kila moja katika mraba wake, makosa hupungua sana. Uwe na kalamu mbili za rangi tofauti, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kuhakikia.

Uwe pia na orodha ya namba tasa kuanzia 2 hadi 541. Kama huna, itengeneze kwa chekeche la Eratosthenes: andika namba zote kuanzia 2 hadi 541, kisha ukate vigawe vya 2 vinavyozidi 2, halafu vigawe vya 3, vya 5, vya 7, na kuendelea hivyo hadi 23. Zitakazobaki bila kukatwa ni namba tasa, nazo lazima ziwe 100 kamili. Zikipungua au zikizidi, rudia kabla hujaenda mbele, kwa sababu orodha mbovu itaiharibu kazi yote inayofuata.

Kikokotoo kinaruhusiwa, lakini kiwe na nafasi ya tarakimu kumi au zaidi. Vile vidogo vya dukani vyenye nafasi nane haviwezi hata kuipokea namba yetu, ambayo ina tarakimu tisa. Ukitumia Excel kwenye kompyuta, fahamu kwamba hutunza tarakimu 15 tu za namba, na zinazozidi huzigeuza kuwa sifuri. Waliowahi kuingiza namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yenye tarakimu 20, bila kuipanga seli kuwa ya maandishi, wameona tarakimu tano za mwisho zikigeuka sifuri. Namba iliyofanyiwa hivyo haifai tena kuchunguzwa.

Kuhusu maneno, nitatumia yale ya darasani. Kigawo ni namba inayogawanya nyingine bila kubakisha kitu. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe, na kwa maana hiyo 1 si tasa, kwa sababu ina kigawo kimoja. Baki ni kinachosalia baada ya kugawanya. Hatuhitaji nadharia zaidi ya hapo.

Hatua ya 1: Nakili namba na uchukue alama zake mbili

Iandike namba kwa makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia: 299 | 792 | 458. Usitegemee jinsi unavyoitamka. Ukisema "milioni mia mbili tisini na tisa, laki saba, tisini na mbili elfu, mia nne hamsini na nane," ile laki inalivunja kundi la 792 vipande viwili, na wapo wengi wanaoandika mpaka wa makundi pasipo pake kwa sababu hiyo.

Sasa chukua alama ya tisa. Jumlisha tarakimu zote: 2 + 9 + 9 + 7 + 9 + 2 + 4 + 5 + 8 = 55. Jumlisha tena: 5 + 5 = 10, kisha 1 + 0 = 1. Alama ya tisa ni 1, maana yake namba yetu ikigawanywa kwa 9 inabakisha 1.

Kisha chukua alama ya kumi na moja. Anza na tarakimu ya kulia kabisa, uitoe inayofuata, ujumlishe inayofuata, na kuendelea hivyo kwa kupokezana: 8 − 5 + 4 − 2 + 9 − 7 + 9 − 9 + 2 = 9. Alama ya kumi na moja ni 9. Ziandike alama zote mbili kwa kalamu ya rangi ya pili, juu ya ukurasa, uzizungushie duara.

Tahadhari: usiridhike na alama ya tisa peke yake. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniletea kurasa mbili za kazi safi, yenye mistari iliyonyooka, akilalamika kwamba 7 inakataa kuigawanya namba hii. Jumla ya tarakimu aliyoandika pembeni ilikuwa 55, sawasawa na yangu. Tulipoweka kidole juu ya tarakimu mojamoja, tukaona ameandika 299,972,458, yaani 7 na 9 zimebadilishana nafasi. Tarakimu zikibadilishana nafasi, jumla yake haibadiliki, kwa hiyo alama ya tisa haioni kosa hilo kamwe. Alama ya kumi na moja huliona mara moja: katika namba aliyoandika ni 5, si 9. Kurasa mbili zingeokolewa na mstari mmoja.

Hatua ya 2: Fanya majaribio mepesi ya mwisho wa namba

Tarakimu ya mwisho ni 8, kwa hiyo namba ni shufwa na 2 ni kigawo chake. Tarakimu mbili za mwisho ni 58, nayo 58 ikigawanywa kwa 4 inabakisha 2, kwa hiyo 4 si kigawo. Namba haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 si kigawo. Jumla ya tarakimu ni 55, ambayo haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 na 9 nazo zinaondoka.

Hapo hapo unaweza kujibu swali jingine bila jasho. Kipeo cha pili cha namba nzima, yaani namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, hakiishii kamwe na 2, 3, 7 wala 8. Namba yetu inaishia na 8, basi si kipeo cha pili cha namba nzima yoyote.

Hatua ya 3: Jaribu 7, 11 na 13 kwa pamoja

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na nashangaa linavyofundishwa kwa nadra. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, unaweza kuyachukua yale makundi ya tarakimu tatu kuanzia kulia, ukayatoa na kuyajumlisha kwa kupokezana, na kinachopatikana kitagawanyika kwa 7, 11 au 13 pale tu ambapo namba nzima inagawanyika.

458 − 792 + 299 = −35

Usiogope alama ya kutoa, kwani haibadilishi kitu katika suala la kugawanyika. Namba 35 inagawanyika kwa 7, kwa hiyo 7 ni kigawo cha namba yetu. Haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13, kwa hiyo hizo mbili zimeondoka. Tazama pia jinsi kazi inavyojihakiki: −35 ukiiongezea 44, ambayo ni kigawe cha 11, unapata 9, na hiyo ndiyo alama ya kumi na moja tuliyoiandika juu ya ukurasa.

Hatua ya 4: Tafuta kikomo cha kujaribu

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la pili, niishie wapi. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inairudisha namba hiyo), kwa sababu vigawo huja wawili wawili, na haiwezekani wote wawili wazidi kipeuo. Kwa hiyo huhitaji kujaribu namba tasa zote duniani, unajaribu zile tu zisizovuka kipeuo cha pili.

Kipeuo cha pili cha 299,792,458 kiko kati ya 17,314 na 17,315, kwa kuwa 17,314 × 17,314 = 299,774,596 na 17,315 × 17,315 = 299,809,225. Kuna karibu namba tasa 2,000 chini ya kikomo hicho. Usikate tamaa, maana kila kigawo unachokipata kinakishusha kikomo, na hapo ndipo kazi inapokuwa nyepesi.

Hatua ya 5: Gawanya, punguza, na ukokotoe kikomo upya

Gawanya kwa vigawo ulivyokwisha kuvipata:

299,792,458 ÷ 2 = 149,896,229
149,896,229 ÷ 7 = 21,413,747

Jaribu 7 tena juu ya namba mpya, kwa kuwa kigawo kimoja kinaweza kurudia. Makundi yanatoa 747 − 413 + 21 = 355, na 355 ikigawanywa kwa 7 inabakisha 5. Basi 7 imeingia mara moja tu. Hakuna haja ya kurudia 3, 5, 11 na 13, kwa sababu kilichoshindwa kuigawanya namba nzima hakiwezi kugawanya kipande chake.

Kikomo kipya ni 4,627. Tumeshuka kutoka karibu namba tasa 2,000 hadi 600 na ushei. Endelea sasa na 17, kisha 19, kisha 23, ukiandika kila mstari kwa ukamilifu: kigawo, jibu, baki. Hii ni baadhi ya mistari utakayoipata ukigawanya 21,413,747:

17: jibu 1,259,632, baki 3
19: jibu 1,127,039, baki 6
23: jibu 931,032, baki 11
31: jibu 690,766, baki 1
71: jibu 301,602, baki 5
73: jibu 293,339, baki 0

Tahadhari: anayetumia kikokotoo asitazame desimali kwa jicho tu. Katika mstari wa 31, baki ni 1, na kikokotoo kinaonyesha 690,766.03 na kuendelea. Kikokotoo chenye nafasi chache kinaweza kuikata desimali ndogo kama hiyo, nawe ukadhani umepata kigawo. Dawa yake ni kuchukua sehemu nzima ya jibu, kuizidisha kwa kigawo, kisha kutoa: 690,766 × 31 = 21,413,746, na 21,413,747 ukitoa 21,413,746 inabaki 1. Fanya hivyo kila mara, hata pale unapoona ni dhahiri.

Tahadhari nyingine ni kuruka namba tasa kwa haraka. Wapo wanaojaribu 51, 57 na 91 wakidhani ni tasa, nazo ni 3 × 17, 3 × 19 na 7 × 13. Hao wamepoteza muda tu. Hasara kubwa ni ya yule anayeiacha 73 kwa kuamini kwamba "namba imeshakataa" baada ya kushindwa mara kumi na nne mfululizo, kuanzia 17 hadi 71. Kushindwa kwa 71 hakusemi lolote kuhusu 73.

Hatua ya 6: Thibitisha kipande kilichobaki

Sasa tuna 293,339. Je, ni tasa? Kokotoa kikomo: 541 × 541 = 292,681, na 542 × 542 = 293,764. Kikomo ni 541. Nayo 541 ni namba tasa ya mia moja, kwa hiyo kazi iliyokuwa na majaribio karibu 2,000 imekuwa na majaribio 100 kamili. Nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilifurahi kwa muda mrefu, maana ni kama namba hii ilitengenezwa kwa ajili ya daftari la mwanafunzi.

Namba tasa 20 za kwanza, kuanzia 2 hadi 71, tumekwisha kuziondoa. Zimebaki 80, kuanzia 73 ambayo lazima ijaribiwe tena, hadi 541. Hakuna njia ya mkato hapa kwa anayeanza, na mimi humshauri afanye majaribio yote 80 kwa mkono wake walau mara moja maishani. Darasani, kazi hiyo hugawanywa vizuri kwa wanafunzi wanane, kila mmoja namba kumi. Haya ni baadhi ya majibu ili ulinganishe na ya kwako:

73: jibu 4,018, baki 25
97: jibu 3,024, baki 11
197: jibu 1,489, baki 6
277: jibu 1,058, baki 273
293: jibu 1,001, baki 46
353: jibu 830, baki 349
419: jibu 700, baki 39
541: jibu 542, baki 117

Tazama 277 na 353. Kila moja imepungukiwa 4 tu ili igawanye sawasawa. Kukaribia hakuhesabiwi, kwani baki ama ni sifuri ama si sifuri.

Tazama pia mstari wa mwisho. Jibu ni 542, na kigawo ni 541, yaani vimekaribiana kabisa. Ukienda kwenye namba tasa inayofuata, 547, jibu linakuwa 536, dogo kuliko kigawo chenyewe. Hiyo ndiyo dalili ya kwamba umevuka kikomo: kama kungekuwa na kigawo hapo, mwenzake mdogo ungekuwa umeshamkuta nyuma. Funga daftari kwa hatua hii, 293,339 ni namba tasa.

Hatua ya 7: Hakiki kwa alama zako mbili

Matokeo yetu ni haya:

299,792,458 = 2 × 7 × 73 × 293,339

Alama za tisa za vigawo hivyo ni 2, 7, 1 na 2. Zizidishe: 2 × 7 × 1 × 2 = 28, na 2 + 8 = 10, kisha 1. Inalingana na alama iliyoko juu ya ukurasa. Kwa kumi na moja, mabaki ni 2, 7, 7 na 2. Zao lake ni 196, na 196 ikigawanywa kwa 11 inabakisha 9. Inalingana pia. Zikilingana zote mbili, uwezekano wa kosa la kunakili au la kuzidisha ni mdogo sana, lakini bado izidishe 1,022 × 293,339 mara moja kwa mkono ili uwe na hakika, kwa kuwa 1,022 ndiyo 2 × 7 × 73.

Hatua ya 8: Vuna tabia zinazotokana na vigawo tasa

Ukishapata vigawo tasa, mengi yaliyobaki ni mavuno. Kila kigawo tasa kimetokea mara moja, kwa hiyo namba hii haigawanyiki kwa kipeo cha pili cha namba yoyote inayozidi 1. Idadi ya vigawo vyote hupatikana kwa kuchukua mara ambazo kila kigawo tasa kimeingia (hapa ni 1 kwa kila kimoja), kuongeza 1 na kuzidisha: 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Viandike kwa jozi:

1 × 299,792,458
2 × 149,896,229
7 × 42,827,494
14 × 21,413,747
73 × 4,106,746
146 × 2,053,373
511 × 586,678
1,022 × 293,339

Kati ya 1,022 na 293,339 hakuna kigawo hata kimoja. Kipeuo chetu cha pili, 17,314, kimekaa katikati ya uwanda huo mtupu, na ndiyo sababu mtu anayeanza kutafuta vigawo karibu na kipeuo atatafuta bila kupata.

Jumla ya vigawo vyote hupatikana kwa kuongeza 1 kwenye kila kigawo tasa kisha kuzidisha: 3 × 8 × 74 × 293,340 = 520,971,840. Ukiitoa namba yenyewe, vigawo vilivyobaki vinajumlika kuwa 221,179,382. Jumla hiyo ni ndogo kuliko namba yenyewe, kwa hiyo namba yetu ni pungufu, tofauti na 6, 28, 496 na 8,128, ambazo kila moja ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo. Tahadhari: kanuni hii ya kuongeza 1 inafaa tu pale ambapo kigawo tasa hakijirudii. Kama 2 ingeingia mara tatu, ungetumia 1 + 2 + 4 + 8 = 15 badala ya 3.

Ukitaka kujua ni namba ngapi kuanzia 1 hadi 299,792,458 ambazo hazina kigawo cha shirika nayo isipokuwa 1, punguza 1 kwenye kila kigawo tasa na uzidishe: 1 × 6 × 72 × 293,338 = 126,722,016.

Hatua ya 9: Uliza kuhusu vipeo vya pili

Je, namba hii inaweza kuwa tofauti ya vipeo viwili vya pili? Haiwezi. Kipeo cha pili kikigawanywa kwa 4 hubakisha 0 au 1, kwa hiyo tofauti ya vipeo viwili vya pili hubakisha 0, 1 au 3. Namba yetu inabakisha 2, kama tulivyoona katika hatua ya 2.

Je, inaweza kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili? Kwa hilo kanuni inasema kwamba kila kigawo tasa kinachobakisha 3 kinapogawanywa kwa 4 lazima kiingie mara shufwa. Kigawo 7 kinabakisha 3 na kimeingia mara moja tu, basi haiwezekani. Kigawo 73, kikiwa peke yake, kingeweza, kwani 73 = 64 + 9. Kwa vipeo vitatu vya pili mambo yanabadilika: namba yetu ikigawanywa kwa 8 inabakisha 2, na namba inayobakisha 2 daima huandikika kama jumla ya vipeo vitatu vya pili. Kuvitafuta vyenyewe ni kazi ya kompyuta zaidi kuliko ya kalamu.

Pale mambo yanapokwama

*Vigawo vyangu vikizidishwa havirudishi namba ya mwanzo.* Linganisha alama mstari kwa mstari, si mwisho tu. Kwa mfano, 21,413,747 ina alama ya tisa 2, na 2 × 7 = 14, ambayo ni 5. Alama ya 149,896,229 nayo ni 5. Mstari wa kwanza usiolingana ndipo kosa lilipo.

*Kikokotoo kinaonyesha herufi E.* Ama namba imezidi nafasi zake, ama imeandikwa kwa vipeo vya kumi na tarakimu za mwisho zimefichwa. Kwa vyovyote usiendelee na jibu hilo. Gawanya kwa mkono mpaka jibu liwe dogo, kisha urudi kwenye kikokotoo.

*Nimepata idadi ya vigawo iliyo witiri.* Hilo hutokea kwa namba ambazo ni vipeo vya pili pekee. Kama namba yako si kipeo cha pili, umesahau mwenza mmoja, na mara nyingi aliyesahaulika ni 1 au namba yenyewe.

*Nimefika kwenye kikomo cha zamani na bado sijapata kitu.* Angalia kama ulikokotoa kikomo upya baada ya kugawanya. Mtu anayeendelea hadi 4,627 baada ya kupata 73 anafanya mamia ya majaribio yasiyo na kazi.

*Namba yangu ina tarakimu mia mbili na zaidi.* Njia hii haifai hapo. Namba ya tarakimu 250 iitwayo RSA-250 ilipasuliwa vigawo mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi kwa pamoja na kwa mbinu tofauti kabisa na hii.

Ukishamaliza 299,792,458, chukua 4,294,967,297. Mwanahisabati Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba ni tasa, mpaka mwenzake Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba sivyo. Alama yake ya tisa ni 5, na makundi yake yanatoa 297 − 967 + 294 − 4 = −380, kwa hiyo 7, 11 na 13 zote zinaondoka. Irefushe orodha yako ya namba tasa ipite 541 kidogo, na usiishie njiani, kwa sababu kigawo chake cha kwanza kiko kabla ya 650.